Wasomaji Wanauliza: Roboti za Kuhamisha Mikrolita

Barua za toleo hili zimeelemea jambo moja: mashine ya gharama nafuu inayochukua kimiminika kwa mikrolita, kama pipeti ya mkononi ifanyavyo, na kukigawa kwenye vishimo vya sahani za maabara. Mikrolita 1 ni sehemu ya elfu moja ya mililita. Ikijikusanya yenyewe ni tone lenye kipenyo cha milimita 1.2 hivi. Tumeanza na fremu, kisha tukaingia kwenye sirinji na ncha (kijibomba cha mwisho kinachogusa kimiminika), na huko ndiko tulikokaa zaidi, kwa sababu ndiko mashine nyingi za kujitengenezea hukwama.

Ndugu wahariri, klabu yetu ya sayansi ina printa ya 3D ambayo haichapishi tena vizuri. Tunaweza kuigeuza iwe roboti ya pipeti? Tubakishe nini na tutoe nini?
*Mwalimu wa kemia, sekondari*

Mwalimu, mnaweza, na fremu hiyo ina usahihi mkubwa kuliko mnaouhitaji. Mota ya hatua ya aina ya NEMA 17 huzunguka kwa hatua 200. Kidhibiti kikizigawa mara 16 zinakuwa 3,200. Puli ya meno 20 kwenye mkanda wa GT2 husogeza milimita 40 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mnapata hatua 80 kwa kila milimita. Kishimo cha sahani ya vishimo 96 kina mdomo wa zaidi ya milimita 6. Kosa la nusu milimita kulia au kushoto halitaharibu kazi.

Sahani zenyewe hufuata vipimo vya pamoja, hata zikitoka kwa watengenezaji tofauti: kitako ni milimita 127.76 kwa 85.48, na vishimo vimepishana kwa milimita 9 toka katikati hadi katikati. Katikati ya kishimo A1, kile cha kona ya juu kushoto, ni milimita 14.38 kutoka ukingo wa kushoto na 11.24 kutoka ukingo wa juu. Chapisheni au kateni fremu ya kushikilia sahani kwa vipimo hivyo, ongezeni milimita 0.3 hivi ili iingie bila kulazimishwa, na wekeni kispringi kidogo kinachoisukuma sahani kwenye kona moja. Bila hicho, kila mkibadilisha sahani itakaa mahali tofauti.

Ondoeni kichwa cha moto kinachoyeyusha plastiki, lakini kihisi cha joto kiacheni kimechomekwa kwenye bodi. Marlin, programu iliyo ndani ya printa nyingi, isipokiona kihisi husimamisha mashine ikidhani kimekatika. Vilevile hukataa kuzungusha mota ya E, ile inayosukuma plastiki, kichwa kikiwa baridi; amri M302 P1 huondoa katazo hilo. Mota ya sirinji iunganishwe pale ilipokuwa mota ya E. Kwa amri ya M92 pangeni idadi ya hatua ili kila "milimita" moja ya E iwe mikrolita moja, kisha hifadhini kwa M500. Tumieni M83 ili kila agizo la E lihesabiwe kuanzia pale pistoni ilipo.

Mambo mawili huwasumbua wengi hapa. La kwanza, mota zikikaa kimya kwa muda Marlin huzikatia umeme, na pistoni inaweza kusogea bila mashine kujua. M84 S0 huzuia hilo. La pili, amri ya G28 hurudisha X, Y na Z (kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini) kwenye mwanzo, lakini haigusi E. Fungeni swichi ya kikomo juu ya pistoni, muunganishe kwenye pini ya kikomo isiyotumika, na programu yenu iisome kwa M119 huku ikivuta pistoni kidogo kidogo. Pistoni isiyojua mwanzo wake hupotoka bila dalili yoyote.

Kama printa yenu ni ile ambayo meza ndiyo inayokwenda mbele na nyuma, punguzeni mchapuko hadi milimita 300 hivi kwa sekunde mraba. Maji kwenye vishimo hucheza, na yakivuka ukuta mmoja tu sampuli mbili zimechanganyika.

Salaam. Roboti yetu ina sirinji ya mikrolita 100 iliyofungwa pembeni, na mrija wa mita 1 unakwenda hadi kwenye ncha. Tukiiagiza mikrolita 10 inatoa 8, mara nyingine 9, na ifikapo mchana inadondosha yenyewe. Tumeongeza mgawanyo wa hatua za mota lakini wapi. Kosa liko wapi?
*Wanafunzi wa uhandisi*

Kosa liko kwenye hewa, wala si kwenye mota. Fanyeni hesabu. Mrija wa mita 1 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1.6 unabeba mikrolita 2,000 za hewa. Maji yakipanda milimita 10 ndani ya ncha, uzito wake unavuta kwa shinikizo la paskali 98. Shinikizo la angahewa usawa wa bahari ni paskali 101,325, kwa hiyo hewa hiyo inatanuka kwa sehemu 1 ya 1,000 hivi. Sehemu 1 ya 1,000 ya mikrolita 2,000 ni mikrolita 2. Hizo ndizo mnazozikosa. Pistoni imesogea sawasawa na mlivyoiagiza. Hewa imetanuka na kula sehemu ya mwendo wake. Kwenye nyanda za juu, ambako shinikizo la angahewa ni dogo, hasara hiyo huzidi.

Na kudondosha mchana? Hewa hutanuka kwa asilimia 0.34 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Kwenye mikrolita 2,000 hiyo ni karibu mikrolita 7 kwa nyuzi 1 tu. Chumba kikipata joto, au mota ya sirinji ikipashana na mrija, hewa inasukuma maji nje bila pistoni kuguswa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuihamishia sirinji kwenye kichwa kinachotembea, juu tu ya ncha, ili hewa iliyobaki kati ya pistoni na maji isizidi mikrolita 100. Hasara ya uzito inashuka hadi mikrolita 0.1, na ya joto hadi 0.34 kwa nyuzi 1. Kichwa kitakuwa kizito, kwa hiyo punguzeni kasi ya X. Ya pili, kama lazima sirinji ikae pembeni, ni kuujaza mrija maji na kuacha pengo la hewa la mikrolita 5 hadi 10 tu karibu na ncha. Maji hayo yachemsheni dakika 10, yafunikeni, yapoe, ndipo muyavute polepole. Maji ya bomba yaliyojaa hewa hutoa mapovu ndani ya mrija baada ya saa chache, na kila povu ni hewa ileile mliyotaka kuikimbia. Mrija uwe wa plastiki ya PTFE, mgumu. Wa silikoni hutanuka kila pistoni inaposukuma. Sisi tungechagua dawa ya kwanza kwa mashine ya ncha moja, maana haina mapovu ya kuwinda.

Mkishaondoa hewa, mtabaki na kosa la pili ambalo sasa limefichwa na la kwanza: nati kucheza kwenye skrubu. Sirinji ya mikrolita 100 yenye mwendo wa milimita 60 hutoa mikrolita 1.67 kwa kila milimita. Ikisukumwa na skrubu inayosogea milimita 2 kwa mzunguko, mnapata hatua 1,600 kwa milimita, yaani 960 kwa mikrolita. Namba hiyo inapendeza, lakini nati ikicheza milimita 0.2 mmepoteza mikrolita 0.33 kila pistoni inapogeuza mwelekeo, hata mkigawa hatua mara 256.

Namna ya kulitambua ni kupima ujazo wa aina tatu. Tuseme mmeagiza 2, 10 na 20 mkapata 1.6, 9.6 na 19.6. Upungufu ni uleule, 0.4, kila mahali: hapo nati inacheza, au muhuri wa pistoni unajikunja kabla ya kuanza kuteleza. Mkipata 1.92, 9.6 na 19.2, upungufu ni asilimia 4 kila mahali: hatua kwa mikrolita zimepangwa vibaya, zizidisheni kwa 10/9.6, yaani 1.042. Mkipata namba zinazoruka bila mpangilio, tafuteni ncha isiyokaza au povu. Kosa kubwa tunaloliona ni watu kupima mikrolita 10 peke yake, wakarekebisha hatua hadi 10 ikatoka 10, kisha wakashangaa 2 inatoka 1.7.

Nati yenye springi ya kubana hupunguza mchezo. Utaratibu wa mwendo huumaliza karibu wote: ncha ikiwa bado hewani, vuteni mikrolita 5 za hewa, nati sasa imeegemea upande wa kuvuta. Ndipo mshushe ncha kwenye maji na kuvuta ujazo mnaoutaka. Wakati wa kutoa, pistoni hugeuka na mchezo hulika mwanzoni, lakini mnasukuma hadi mikrolita 5 za hewa nazo zitoke, kwa hiyo kimiminika chote kinatoka bila kujali mchezo ulikuwa kiasi gani. Hewa ileile imefanya kazi mbili.

Habari za kazi. Mashine yetu inagawa mikrolita 20 vizuri. Ikifika 1 au 2, tone linang'ang'ania kwenye ncha na kurudi nalo. Tuongeze kasi ya kutoa?
*Fundi sanifu wa maabara*

Kasi haitasaidia sana. Tone la maji likining'inia kwenye ncha yenye kipenyo cha nje cha milimita 0.7 hushikwa na mvutano wa uso hadi lifikie takriban mikrolita 10, ndipo uzito wake unashinda na linaanguka. Mikrolita 1 haitaanguka kamwe kwa uzito wake. Lazima iguse kitu.

Kama kishimo kina kimiminika tayari, zamisha ncha milimita 1 chini ya uso, toa, subiri nusu sekunde, kisha panda polepole, milimita 5 hivi kwa sekunde, ili maji yasibaki yamepaka nje ya ncha. Kama kishimo ni kikavu, ncha ishuke hadi milimita 0.2 au 0.3 kutoka chini, tone liguse sakafu kabla halijapanda kwenye ubavu wa ncha. Hapo ndipo usawa wa meza unapokuwa na maana. Meza ikiinama milimita 1 toka ukingo mmoja wa sahani hadi mwingine, ncha itagonga upande mmoja na kuacha tone hewani upande wa pili. Pima kimo kwenye kona nne za sahani kwa kuteremsha ncha juu ya kipande cha karatasi, kisha programu ikadirie vimo vya katikati. Rudia ukibadilisha aina ya ncha.

Wakati wa kuchukua, usizamishe ncha zaidi ya milimita 2. Kila milimita ya ziada hubeba kimiminika upande wa nje, na kwenye mikrolita 1 kiasi hicho kinaonekana kwenye matokeo.

Ushauri wetu mkubwa zaidi ni kuipanga kazi upya ili mikrolita 1 isihitajike. Punguza ukali wa myeyusho mara 5 na uhamishe mikrolita 5. Au changanya kwanza kila kitu kinachofanana kwa vishimo vyote kwenye chombo kimoja, kisha roboti igawe mikrolita 18 za mchanganyiko na kuongeza 2 za sampuli. Hata pipeti nzuri ya mkononi huongeza asilimia ya kosa kadiri unavyoshuka kuelekea mwisho wa uwezo wake, na roboti ya gharama nafuu haitaepuka sheria hiyo.

Tunasoma kwamba pipeti hupimwa kwa mizani ya mikrogramu. Sisi tuna mizani inayosoma miligramu 0.1 na kisomaji cha sahani (kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na kila kishimo). Je, tunaweza kuithibitisha roboti yetu?
*Mtafiti, chuo kikuu*

Mnaweza, kwa njia mbili zinazosaidiana. ISO 8655, kiwango cha kimataifa cha pipeti, hupima kwa uzito na hudai mizani kali zaidi kadiri ujazo unavyopungua, maana mikrolita 5 za maji ni kama miligramu 5 na mizani yenu ingekosea asilimia 2 kwa tarakimu moja ya mwisho. Kwa hiyo msipime tone mojamoja. Toeni mikrolita 5 mara 20 kwenye kichupa kimoja chenye maji kidogo chini, kisha pimeni jumla. Rudieni muda uleule na kichupa kilekile bila kutoa kitu, muone kilichopotea kwa kuvukizwa. Tuseme uzito umeongezeka miligramu 96.1, na jaribio tupu limepoteza 0.9. Jumla ni 97.0. Miligramu za maji ya nyuzi 25 huzidishwa kwa 1.0040 kupata mikrolita. Kwa nyuzi 20 ni 1.0029. Inatoka 97.39, gawanyeni kwa 20: mikrolita 4.87. Roboti inapunguza 0.13, yaani asilimia 2.6. Kwa kulinganisha, pipeti ya kawaida ya mikrolita 10 huruhusiwa kupotoka mikrolita 0.12 kwenye ujazo wake kamili, kwa hiyo mko karibu sana.

Njia hii inatoa wastani tu. Haioneshi kama kila tone ni sawa na jingine, na hilo mara nyingi ndilo muhimu zaidi, kwa sababu upungufu wa kudumu hurekebishwa kwa namba moja kwenye programu, lakini mtawanyiko haurekebishiki hivyo. Hapo tumieni rangi. Yeyusheni tartrazini, rangi ya njano ya chakula, gramu 1 kwa lita. Wekeni mikrolita 200 za maji kwenye vishimo 24, roboti iongeze mikrolita 5 za rangi kila kimoja, mchanganye, msome ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 427. Mtapata karibu 0.7, mahali pazuri pa kusomea. Kwa mikrolita 1 tumieni gramu 5 kwa lita. Za kulinganishia, changanyeni kwa pipeti ya mkononi inayoaminika mikrolita 50 za rangi na 2,000 za maji, muweke 205 kwenye vishimo kadhaa. Vishimo vyenye maji peke yake visomwe pia, na namba yake iondolewe kwenye nyingine zote.

Uzuri wa kisomaji cha sahani ni kwamba mwanga hupita toka juu hadi chini. Kishimo chenye maji mengi zaidi kina rangi hafifu lakini kimo kirefu, na vitu hivyo viwili hufutana. Mnachosoma ni kiasi cha rangi iliyoingia, kwa hiyo kosa dogo kwenye zile mikrolita 200 halina madhara. Gawanyeni mkengeuko sanifu kwa wastani, zidisheni kwa 100. Ikitoka chini ya 2 kwa mikrolita 5, mashine imefikia kiwango cha kutegemewa kwa kazi nyingi. Ikizidi 5, angalieni kwanza kama vishimo vibaya vimejipanga mstari mmoja. Vikijipanga upande mmoja wa sahani, meza imeinama. Vikiwa vile vya mwanzo tu, ncha haikulowanishwa: vuteni na kutoa mara mbili au tatu ndani ya myeyusho kabla ya kuanza. Vikitapakaa ovyo, ncha hazikazi kwenye koni inayozishika; badilisheni pete ya mpira, au ongezeni nguvu ya kusukumia.

Maji yanakwenda vizuri, lakini gliseroli na ethanoli zinatushinda. Tufanyeje?
*Mwanafunzi wa bayoteknolojia*

Ni matatizo mawili yaliyo kinyume. Gliseroli, ambayo vimeng'enya vingi huhifadhiwa ndani yake kwa asilimia 50, ina mnato. Pistoni ikisimama, kimiminika bado kinapanda. Vuta kwa mikrolita 1 au 2 kwa sekunde, subiri sekunde 2 ncha ikiwa bado ndani (kwenye Marlin ni G4 P2000), toa polepole vilevile, usubiri tena. Usilowanishe ncha kwa kuvuta na kutoa harakaharaka, kwani hilo huingiza mapovu.

Ethanoli huvukiza ndani ya ncha, mvuke wake unasukuma, na matone yanadondoka njiani. Lowanisha ncha mara nne au tano ili hewa ya ndani ishibe mvuke, kisha baada ya kuvuta ongeza mikrolita 3 hadi 5 za hewa chini ya kimiminika, na uende haraka. Kwa vyote viwili hatua kwa mikrolita ulizopanga kwa maji hazifai. Pima upya kwa kila kimiminika, ukikumbuka kugawanya uzito kwa densiti yake, na uhifadhi namba hizo kwenye faili moja yenye jina la kimiminika.

Tununue iliyo tayari au tujenge?
*Msimamizi wa maabara*

Kama majibu ya wagonjwa yatategemea mashine hiyo, nunueni yenye pipeti zilizokwisha kuthibitishwa na fundi wa kuihudumia. Opentrons OT-2 imewafaa wengi wasiomudu mashine kubwa: meza yake ina nafasi 11 za sahani na ncha, inaongozwa kwa lugha ya programu ya Python, na pipeti yake ndogo huanzia mikrolita 1. Kama lengo ni kufundisha au kuandaa sampuli za utafiti wenu wenyewe, jengeni, mkianza na michoro iliyokwisha kuchapishwa. Roboti ya FINDUS ya mwaka 2020 imejengwa kwa vipande vya printa ya 3D, na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha roboti ya kugawa vimiminika iliyotengenezwa kwa Lego, nzuri kwa darasa. Maktaba ya Python iitwayo PyLabRobot huendesha mashine za watengenezaji mbalimbali kwa lugha moja, hivyo programu mtakayoandika leo haitatupwa mkibadilisha mashine.

Mkijenga, gawanyeni bajeti hivi: fremu iwe ya kuokota, sirinji ya glasi au pipeti nzuri iwe mpya, na sehemu inayobaki iende kwenye ncha bora. Ncha hafifu hupinda. Kosa la milimita 1 linavumilika kwenye sahani ya vishimo 96, lakini kwenye ya 384, ambayo vishimo vimepishana kwa milimita 4.5, ncha inagonga ukuta.

Kwa mashine iliyotumika, kabla ya kulipa ulizeni kama programu yake inahitaji leseni inayohuishwa kila mwaka, na kama inakubali kompyuta ya sasa. Muhuri wa pistoni hubadilishwa kwa saa moja. Programu iliyofungwa humfunga mnunuzi na mashine yake.

Roboti yetu inaandaa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) na vishimo vya maji matupu vinatoa jibu chanya. Je, ni uchafu wa mashine?
*Fundi wa maabara*

Huenda ni njia inayopitiwa na ncha. Programu nyingi za kujiandikia husafirisha ncha kwa mstari ulionyooka, ikipita juu ya vishimo vilivyo wazi huku imebeba sampuli. Panga mwendo ili ncha iende kwanza kando ya sahani, ipande juu ya kila kizuizi, ndipo iingie kwenye safu husika. Tumia ncha zenye kichujio, ncha mpya kwa kila sampuli, na ndoo ya ncha chafu ikae mbali na sahani, kwa kuwa ncha ikidondoka kutoka juu hurusha matone. Vishimo vya maji viwe vya mwisho kujazwa, si vya kwanza, ili vioneshe kila kilichoingia njiani. Baada ya kazi futa meza kwa hipokloriti (klorini ya kusafishia) ya asilimia 0.5, iache dakika 10, kisha futa kwa maji. Hipokloriti iliyoachwa hula reli za chuma.

Ukishabadilisha njia, jaribu hivi: jaza sahani kwa mpangilio wa kuachana, kishimo kimoja DNA, kinachofuata maji, sahani nzima. Vishimo vya maji vilivyotoa jibu chanya vikiwa upande ule ncha inakotokea, njia bado ina kasoro. Vikienea sahani nzima, chunguza maji na kemikali zenyewe kabla ya kuigusa tena mashine.